Namna ya kuandika maisha ya marehemu baba: jibu kwa binti wa nahodha

Msomaji anayeishi Malindi ameniandikia hivi, nami nafupisha: "Baba yetu alifariki Lamu miezi miwili iliyopita. Alikuwa nahodha wa jahazi, na uzeeni akawa fundi wa mashua. Mama yuko edani. Tumekubaliana kwamba akitoka eda tutasoma hitima, kisha wajukuu wasomewe maisha ya babu yao, na kazi ya kuyaandika nimepewa mimi. Kila nikishika kalamu naandika kwamba alikuwa mcha Mungu, mpole na mpenda watu, kisha sina la kuongeza. Tarehe yake ya kuzaliwa hatuna uhakika nayo. Mama naogopa kumuuliza nisije nikamtonesha kidonda. Na kaka yangu mkubwa anasema mengine yasiandikwe, hasa kwamba baba aliwahi kuoa Pemba na ana mtoto huko. Nianzie wapi?"

Kwanza, mwanangu, pokea mkono wa taazia, wewe na mama yako na ndugu zako wote. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yenu, amfanyie wasaa kaburini mwake, na nyinyi awape subira.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukaa na jamaa za waliotutangulia, hapa Lamu na visiwa vya jirani, nikiwasaidia kutoa yaliyo vifuani na kuyatia kwenye daftari. Uliloandika wewe ndilo wanalonijia nalo karibu wote. Mcha Mungu, mpole, mpenda watu: sina shaka kwamba ni kweli tupu. Lakini maneno hayo yanaweza kusomwa juu ya mzee yeyote mwema kuanzia Kizingitini mpaka Vanga, na mjukuu wa miaka sita akiyasikia hatamjua babu yake zaidi ya alivyomjua jana. Sifa huja mwisho, baada ya ushahidi. Wewe lete ushahidi: alifanya nini, alimfanyia nani, wakati gani, kwa njia gani. Ukishavileta vitendo, waliokaa kwenye mkeka watamsifu wenyewe bila kuambiwa.

Basi yachukue hayo maneno matatu uliyonayo uyageuze maswali. Mpole? Tafuta siku moja aliyokuwa na haki ya kukasirika na hakukasirika. Mpenda watu? Ni nani aliyekuwa akila kwenu na hamna naye udugu? Mcha Mungu? Alfajiri aliwaamsha vipi? Kwa kuwaita mmoja mmoja kwa majina, kwa kugonga mlango, au alikaa akasoma kwa sauti mpaka mkaamka wenyewe? Wazee wote wema huamsha watoto wao wasali. Namna ile aliyowaamsha nyinyi ilikuwa ya baba yenu peke yake, na ndiyo ya kuandikwa.

Sasa kuhusu mama, maana hapo ndipo pa kuanzia, na naona ndipo unapopaogopa. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi, kama ilivyo katika Sura Al-Baqara, aya ya 234. Kwa hesabu yako umebakiwa na miezi miwili na siku kidogo. Mambo ya eda yenyewe muulizeni sheikh wenu, kwa sababu kila nyumba ina desturi zake na nyingine zimeongezwa juu ya sheria. Ila sijapata kusikia popote kwamba mjane akatazwe kumzungumza mumewe na binti yake wa kumzaa. Wajane niliokaa nao walichonilalamikia mara nyingi ni kimya. Watu wa matanga wakishaondoka, kila aingiaye humwepuka marehemu kwa ulimi, akidhani anamhurumia mwenye nyumba. Ataulizwa kama amekula, kama dawa amekunywa, kama mguu umepoa. Jina la aliyelala naye kitanda kimoja miaka hamsini halitajwi. Huko ndiko kumtonesha kidonda.

Na kwetu sisi mjane kumsimulia mumewe si jambo la kuanza jana. Mwana Kupona binti Mshamu alifiwa na mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, naye ni mgonjwa, akatunga utendi wa kumuusia binti yake, na katikati ya ule wasia akaacha kuusia akamweleza mtoto alivyoishi na baba yake, na jinsi mauti yalipofika mume alivyomkariria radhi zake. Watu wameyahifadhi hayo mpaka leo. Mama yako naye anayo ya kwake. Kinachohitajika ni mtu wa kukaa mbele yake bila haraka.

Ila usimuulize "Baba alikuwa mtu wa namna gani?" Swali hilo humfunga mtu. Nilipata kukaa na mama mmoja Shela aliyekuwa edani kama mama yako. Binti zake walikwisha kumuuliza hilo, naye akajibu, "Mwema, Mungu amrehemu," akanyamaza. Siku niliyokwenda mimi nilimuuliza kitu kimoja: bwana akirudi baharini, cha kwanza alikuwa akifanya nini? Akacheka. Akasema hakuwa akiingia ndani. Alikuwa akikaa pale dakani, ukumbi wa mlangoni, anaomba birika, anaosha miguu polepole kidole kwa kidole mpaka mchanga wote utoke, na huku anauliza habari za nyumbani kwa sauti ya kupita kiasi, ili yeye mkewe aliyeko ndani ajue amefika na apate muda wa kuvaa nguo aliyoipenda. Watoto walikuwa wakidhani baba yao amepungukiwa na masikio kwa ngurumo za bahari. Alasiri ile alizungumza mpaka ikaadhiniwa magharibi, na binti zake, wanawake wenye wajukuu wao, walikuwa wakiyasikia mara ya kwanza.

Maswali ya namna hiyo ndiyo ya kumpelekea mama. Alipokuwa akisafiri ulimfungia masurufu gani? Ng'onda kiasi gani, tende kiasi gani, na ni kitu gani alikuwa lazima akisahau? Ulijuaje kwamba jahazi limeonekana? Nani alikuja kukuambia? Alikuwa akikuita jina gani mkiwa wawili tu? (Hilo anaweza kukataa kulijibu, na ukimwona anatabasamu, mwachie.) Mlipopungukiwa, nani alijua, na mlikula nini? Alipokosea, alikuombaje radhi? Usimpe yote kwa siku moja. Swali moja au mawili baada ya alasiri, nusu saa, basi. Akilia usimnyamazishe wala usikimbilie maji. Kaa naye, na mara nyingi ataendelea mwenyewe.

Mrekodi kwa simu ikiwa ameridhia. Sauti peke yake inatosha, picha za video wajane wengi hawazipendi katika hali hiyo na wana haki yao. Ikate simu na mtandao isije ikalia katikati, ikunjie leso chini yake ili isidake mtikisiko wa meza, na uzime feni, kwa sababu feni huila sauti ya mtu mzima kuliko kelele za punda na bodaboda huko nje. Ukimaliza, siku hiyohiyo lipe faili jina lenye tarehe, na nakala uweke mahali pengine pawili.

Papo hapo niseme la haraka zaidi kuliko yote: simu ya marehemu. Msiifute, msimpe mjukuu aichezee, msiiache laini ilale mpaka kampuni ikampa mtu mwingine. Humo mna sauti yake. Kila ujumbe wa WhatsApp aliokutumia wewe Malindi kukuuliza kama mvua imenyesha ni hazina, na uko pia katika simu yako na za ndugu zako. Zikusanyeni mahali pamoja wiki hii. Na ulizeni kanda. Wazee wa bahari waliokuwa na jamaa Uarabuni walikuwa wakitumiana barua za kanda, mtu anazungumza upande wote wa kaseti na kumpa msafiri. Zikiwepo, zitakuwa ndani ya bati la biskuti juu ya kabati, au katika zidaka vya ukutani kama nyumba yenu ni ya kale. Msizicheze kwa redio kuukuu, maana utepe mkavu hukatika. Mpelekeeni mwenye chombo kizuri azihamishe kwanza.

Turudi kwenye kuandika. Kwa barua yako, marehemu alikuwa mume, baba na babu. Watu wengi huwayeyusha hao watatu wakapata mzee mmoja wa heshima asiye na sura. Usifanye hivyo. Mume anamjua mama, na huyo alikuwa kijana mwenye wivu pengine, mwenye hofu ya kutoweza kulipa mahari. Baba mnamjua nyinyi watoto, na kwa kazi yake nadhani alikuwa mtu wa kuja na kuondoka, mkali wa maneno machache. Babu wanamjua wajukuu: mzee wa kukaa mahali pamoja, anayetoa halua mfukoni, anayekubali kupandwa mgongoni. Mara nyingi watoto hawamtambui huyo babu, tena huwauma kidogo kwamba upole ule hawakuupata wao. Liandike hilo lilivyo. Kila mmoja amsimulie wa kwake, kwa kinywa chake, na mahali wanapopingana usiwapatanishe. Mtu aliyeishi miaka themanini ana nafasi ya kuwa wote watatu.

Kwa nyinyi watoto nina njia moja inayofaa kwa jamaa za mabaharia. Chukua tarehe zenu za kuzaliwa uziweke kando ya pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba mpaka Machi hivi, na majahazi yetu hushuka nayo kwenda Mombasa, Pemba na Unguja. Kusi hushika kuanzia Aprili mpaka Septemba, nayo huyarudisha. Kwa hiyo kila tarehe ya kuzaliwa inakuambia kama baba alikuwa nyumbani au safarini. Nani kati yenu alizaliwa yeye hayupo? Habari ilimfikia wapi, na kwa mdomo wa nani? Nani alimwadhinia mtoto sikioni kwa niaba yake? Ukimuuliza mama maswali hayo matatu kwa kila mtoto, utakuwa na kurasa mbili ambazo hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kuziandika.

Kazi yake ieleze kikazi. "Alikuwa baharia" haitoshi. Jahazi lipi, la nani, lilibeba nini? Kama alibeba boriti, na nahodha gani wa Lamu wa umri wake hakubeba, basi waambie wajukuu jinsi zilivyokatwa mikokoni na kupangwa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kuhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Waambie kwamba zilikuwa zikivuka mpaka Uarabuni na Ghuba kuezekea nyumba za huko, kisha serikali ikapiga marufuku kuzipeleka nje ya nchi. Muulize mama mwaka ule nyumbani palibadilika nini. Nani aliacha shule? Dhahabu ya nani iliuzwa? Hapo historia ya mwambao mzima inapita katika jikoni lenu, na wajukuu wataielewa vizuri kuliko darasani.

Na ufundi wake wa uzeeni usiuandike kwa kukisia. Nenda, au mtume mjukuu mwenye simu, kwa mzee aliyefanya naye kazi, awe Matondoni au popote walipokuwa wakikokota mashua juu. Usimwombe amzungumze marehemu. Mwombe ashike tezo, kile chombo cha kuchongea mbao, aonyeshe baba yako alivyokuwa akichonga, maana mafundi wawili hawashiki tezo sawasawa, na mwenzake wa miaka mingi anaijua mikono ile kuliko mkewe. Aonyeshe alivyotia kalafati, yaani alivyoziba nyufa za mbao: pamba aliisokota kwa vidole au kwa paja, sifa, mafuta ya papa, aliipaka mara ngapi, deheni, mafuta na chokaa ya kupaka chini ya chombo, aliichanganya yeye au alimwachia mwanafunzi. Mzee akishashika chombo mkononi, maneno yatakuja yenyewe: "La, yeye hakuwa akifanya hivi, yeye alikuwa akiinama namna hii." Hiyo sentensi iandike kama ilivyotoka, kwa Kiamu chake, lahaja yetu ya Lamu. Kama marehemu mwenyewe alikuwa akisema "ndoo hapa, mwanangu", usimsahihishe kwenye karatasi akasema "njoo".

Kuhusu tarehe ya kuzaliwa. Kitambulisho chake usikiamini sana. Vya wazee wengi vina mwaka wa kukisia, au tarehe 1 Januari, kwa kuwa karani alitaka tarehe na mzee hakuwa nayo. Anza na msahafu wa nyumbani kwa babu yako na vitabu vya chuoni (madrasa), kurasa za mwanzo na za mwisho, kwa sababu huko ndiko wazee walikoandika vizazi. Ukikuta mwaka wa Hijri, kumbuka kwamba una siku 354 au 355, kwa hiyo huwezi kujumlisha idadi moja ukapata mwaka wa Miladi. Mfano: Shaabani ya 1357 iliangukia Septemba na Oktoba 1938. Mpe mtu anayejua kuhesabu, na ukubali kukosea siku moja au mbili kwa ajili ya mwezi kuandama. Ukikuta hesabu za miongo, kumi kumi, hiyo ni hesabu ya Nairuzi, mwaka wa jua wa mabaharia, nayo huenda ikawa ya safari na isiwe ya kizazi.

Kama hakuna maandishi, jenga ngazi ya matukio. Watu hawakumbuki miaka, wanakumbuka mambo. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961. Uhuru, Disemba 1963. Mapinduzi ya Zanzibar, Januari 1964, ambayo nahodha yeyote aliyekuwa na kazi huko atakuwa aliyasimulia. Vita vya shifta, 1963 hadi 1967, vilivyowaondoa watu wengi katika visiwa vya kaskazini na vijiji vya bara wakaja Lamu, Malindi na Mombasa. Kufa kwa Mzee Kenyatta, Agosti 1978. Jela kuondolewa ngomeni Lamu, 1984. Mvua za El Nino, 1997. Jumapili ile ya 26 Disemba 2004, bahari ilipopanda na kushuka ovyo. Wewe ulikuwa tayari umehamia Malindi siku hiyo? Alikupigia simu? Mzee wa bahari asingekosa kuuliza. Sasa wakae mama na shangazi zako na mjomba mmoja au wawili, uwasomee ngazi hiyo, na kwa kila daraja uulize: hapo alikuwa ameoa? Alikuwa na ndevu? Alikuwa na jahazi lipi? Watabishana, na katika kubishana watafika karibu na mwaka wa kweli. Usipofika kabisa, andika "alizaliwa kabla kidogo ya Vita vya Pili" na uendelee. Hakuna mjukuu aliyempenda babu yake kwa sababu ya tarehe.

Sasa la Pemba.

Kaka yako namheshimu, ni mkubwa, na najua analolinda ni hadhi ya mama. Lakini hapa sikubaliani naye, na nitasema wazi. Baba yenu alioa kwa halali, kwa kadamnasi ya watu, akaruzukiwa mtoto. Huyo ni ndugu yenu kwa nasaba na mrithi kwa sheria. Aibu haipo katika kumtaja, itakuwepo katika kumficha. Fikiri karatasi hiyo isomwe, ihifadhiwe, na miaka ishirini baadaye mtoto wa yule wa Pemba aje Lamu kutafuta kwao, aonyeshwe maisha ya babu yake, ajikute hayumo. Mtakuwa mmemfuta kwa maandishi, na maandishi hayasahau kama ulimi unavyosahau.

Mama, kwa nilivyoona katika nyumba nyingi, analijua hilo tangu zamani, pengine kabla kaka yako hajazaliwa. Mtu wa kuulizwa ni yeye. Muulize faraghani, bila kaka na bila wake za kaka: "Mama, wa Pemba tumtaje vipi?" Jibu lake ndilo litakuwa neno. Akisema sentensi moja, iwe sentensi moja: alioa Pemba, akapata mtoto fulani, na tarehe kama ipo. Kama moyo wake ni mpana, na aghalabu huwa mpana kuliko wa watoto, basi mpigie huyo ndugu yako umwombe naye asimulie. Wewe ulikuwa na baba aliyerudi na kusi. Yeye alikuwa na baba aliyefika na kaskazi, akakaa wiki kadhaa, akaondoka. Anamkumbuka mtu ambaye nyinyi hamumjui hata kidogo, na bila yeye baba yenu atabaki pungufu.

Katika hayo mengine ambayo kaka hataki yaandikwe, pengine ana haki. Ugomvi na jirani uliokwisha kwa kusameheana usiufufue. Alilokwambia kwa siri likae siri. Madeni si mambo ya kusomwa mbele ya watoto, lakini yaulizwe na yalipwe upesi, maana deni hutangulia mirathi, na hata wasia. Ila tofautisha jambo la siri na jambo la udhaifu. Kama alikuwa na hasira za asubuhi, kama aliwahi kupoteza mzigo wa watu akakaa mwaka mzima akiulipa, kama hakujua kusoma na alikuwa akimpa mtoto amsomee barua huku akijifanya amesahau miwani, hayo hayamvunjii heshima. Mjukuu mwenye udhaifu kama huo ndiye atakayemkumbatia zaidi.

Wako pia watakaokwambia kwamba kuandika hivi ni maombolezo yaliyokatazwa. Kujipiga na kupiga mayowe ndiko kulikokatazwa. Kusimulia maisha ya waliopita ni kazi ya wanavyuoni wetu toka zamani, na hapa Lamu maisha ya Habib Swaleh, aliyejenga msikiti wa Riyadha, yanasimuliwa kila mwaka hadharani mpaka leo. Tena tunajua katika hadithi kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema wa kumwombea. Mjukuu hawezi kumwombea kwa moyo mtu asiyemjua. Ukiona bado wana shaka, mpelekeeni sheikh karatasi yenyewe aisome kabla ya siku hiyo.

Kuhusu urefu: kurasa nne au tano, zisizozidi dakika ishirini kwa kusoma. Watoto wadogo watakuwapo, na sinia zinasubiri. Usianze na "alizaliwa". Anza naye akifanya jambo, hata dogo, akiosha miguu dakani au akitia deheni, wasikilizaji wamwone kwanza, halafu ndipo urudi kwenye kizazi na nasaba. Mama apewe nafasi kubwa kuliko wote. Wajukuu kila mmoja apate mstari wake, hata yule wa miaka minne akisema tu kwamba babu alikuwa na ndevu za kuchoma.

Kama kuna mtunzi katika ukoo, na Lamu hakosekani, mwombeni naye atunge beti chache za utenzi: vipande vinne, mizani minane kila kimoja, kipande cha mwisho kikishika kina kimoja mpaka tamati. Beti zikiimbwa vizuri hukaa kichwani kwa watoto hata karatasi ikipotea. Lakini mpeni habari mlizokusanya kwanza. Mtunzi asiyepewa vitendo atawarudishia mcha Mungu, mpole na mpenda watu, kwa vina vizuri.

Ukimaliza rasimu, wa kwanza kuisikia ni mama, kabla ya kaka na kabla ya mumeo. Msomee polepole. Akikusahihisha, sahihisha. Akisema jambo fulani liondolewe, liondoe hapohapo na usimuulize sababu. Kisha ipigeni chapa kwa herufi kubwa, mzitolee nakala za kutosha watoto wote, na muwe na wasomaji wawili: mjukuu wa kiume upande wa wanaume, na wewe upande wa wanawake, mkianza pamoja baada ya dua.